Mikono Miwili Haitoshi

Umewahi kuona redio inayosema ikipigwa kofi? Ukiipiga, inasema. Ukiiacha, inanyamaza. Wengi husema, "Redio hii imezeeka." Mara nyingi si uzee. Ndani yake kuna kipuri kimoja kidogo kinachocheza. Pengine kilitikisika siku kilipolehemiwa.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kushikiza vipuri wakati wa kulehemu. Kulehemu ni kuunga vitu vya chuma kwa madini yaliyoyeyushwa kwa moto. Kazi hii ni ndogo, lakini ina siri yake. Siri yenyewe ni kutulia.

REDIO YA DARASA LETU

Redio na elimu ya watu wazima ni ndugu wa siku nyingi. Mwaka 1973 hapa Tanzania kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wazee wa darasa letu wanaikumbuka sana kampeni hiyo.

Siku moja niliwaeleza wanakisomo kwamba siku hizi huuzwa mifuko yenye vipuri vya redio ndogo. Mtu hununua mfuko, kisha huunga redio yake mwenyewe. Wazee walifurahi. Walitaka tujaribu. Tulichanga fedha. Wengine waliuza mayai, wengine waliuza karanga.

Mfuko ulipofika tulikuta bodi moja, vipuri vingi vidogo, spika na karatasi ya maelezo. Bodi ni kibao chembamba chenye matundu na njia za shaba. Umeme hupita katika njia hizo. Karatasi ilionyesha kila kipuri mahali pake. Lakini haikueleza jambo moja: nani atakishika?

Kwa kuwa niliwahi kujifunza kidogo kwa fundi redio, nilianza mimi. Mkono wa kulia nilishika chuma cha moto. Mkono wa kushoto nilishika uzi wa lehemu. Kipuri nikakizuia kwa kidole kidogo cha mkono huo huo wa kushoto. Kidole kikaungua. Nikashtuka. Kipuri kikacheza, na papo hapo lehemu ikaganda. Nilitazama nikaona imeshika. Nikaendelea na vipuri vingine.

Jioni ile redio ilisema. Watu walipiga makofi. Kesho yake mama mmoja aliibeba kwenda nayo nyumbani, ili na watoto wake wasikie. Ilinyamaza njiani. Alirudi nayo mikononi kama mtu aliyevunja chungu cha mwenzake. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Lakini mimi nilijua kwamba fedha ile ilitoka katika mayai na karanga zao.

Bibi mmoja wa darasa letu, msukaji wa mikeka, aliomba kuitazama. Alichukua kijiti kikavu. Akabonyeza kipuri kimoja baada ya kingine, polepole. Alipofikia kimoja, redio ilisema. Alipoachia, ilinyamaza.

"Mwalimu," akasema, "hiki kinacheza kama jino la mtoto."

Alikuwa amesema kweli. Kilikuwa kile kile kilichoniunguza kidole.

KWA NINI KIPURI KISITIKISIKE

Lehemu ni madini laini yaliyotengenezwa kama uzi. Lehemu ya siku nyingi ina mafungu 60 ya bati na mafungu 40 ya risasi. Hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 hadi 190 hivi. Siku hizi iko pia lehemu isiyo na risasi. Aina moja inayotumika sana ina bati karibu yote na shaba kidogo. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 227. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Basi unaweza kuona moto wa lehemu ulivyo mkali.

Chuma cha kulehemia kikiondolewa, lehemu hupoa upesi. Huanza kuganda kwa muda mfupi tu. Muda huo ndio wa hatari. Lehemu si maji tena, wala haijawa ngumu. Mguu wa kipuri ukicheza wakati huo, lehemu hupasuka ndani. Nyufa zake ni ndogo mno. Mara nyingine jicho halizioni.

Wewe unajua kujenga. Ukiweka tofali juu ya udongo mbichi, kisha ukalitikisa udongo unapoanza kukauka, tofali halitashika. Litasimama, lakini siku moja litaanguka. Lehemu nayo ni hivyo hivyo. Umeme utapita leo. Kesho redio ikitikiswa, ufa utafunguka na umeme hautapita.

Mkono wa mtu hauwezi kutulia kabisa. Tena mguu wa kipuri ni chuma, na chuma hupitisha joto. Ukiushika kwa kidole, utaungua. Ukiungua, utashtuka. Ndiyo maana tunasema mikono miwili haitoshi. Inafaa kitu kingine kishike kipuri, nawe ufanye kazi yako kwa utulivu.

Zipo njia tano rahisi. Nyingi hazihitaji fedha.

NJIA YA KWANZA: TANUA MIGUU

Vipuri vingi vina miguu miwili mirefu ya waya. Kunja miguu hiyo kwa taratibu. Ipitishe katika matundu ya bodi mpaka kipuri kilale juu ya bodi. Sasa geuza bodi. Utaona miguu imetokeza upande wa pili. Itanue kidogo, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama mtu aliyesimama akitanua miguu yake.

Kipuri hakitaanguka tena. Usiilaze miguu kabisa juu ya bodi. Ikilala yaweza kugusa njia nyingine ya shaba. Tena siku ya kutengeneza, itakuwa vigumu kukitoa.

NJIA YA PILI: ANZA NA VIFUPI

Watu wengi huanza na kipuri kikubwa kwa sababu kinapendeza. Hilo ni kosa. Kipuri kikubwa huinua bodi unapoigeuza juu ya meza. Vile vidogo hubaki vinaning'inia, halafu huanguka.

Anza na vipuri vifupi vinavyolala juu ya bodi. Viweke mahali pake. Funika kwa kipande cha boksi gumu. Shika bodi na boksi pamoja, geuza, kisha laza juu ya meza. Sasa meza yenyewe inavisukuma vipuri kwenye bodi. Ukimaliza vifupi, weka vya urefu wa kati. Vile virefu viweke mwisho.

NJIA YA TATU: TUMIA UTEPE WA GUNDI

Vipuri vingine vina miguu mifupi mno. Huwezi kuitanua. Swichi ni mojawapo. Kwa vipuri hivyo tumia utepe wa gundi wa karatasi, ule wanaoutumia wapaka rangi. Pitisha utepe juu ya kipuri na uubandike kwenye bodi pande zote mbili. Geuza bodi, lehemu, subiri ipoe, kisha bandua utepe.

Utepe wa plastiki haufai sana. Ukipata moto hulainika, na kipuri hucheza tena.

NJIA YA NNE: MGUU MMOJA KWANZA

Njia hii hufaa kwa kipuri chenye miguu mingi. Hata kama umekibandika kwa utepe, usilehemu miguu yote mara moja. Lehemu mguu mmoja tu. Ngoja upoe. Sasa geuza bodi utazame. Je, kipuri kimekaa wima? Kimegusa bodi vizuri, au kimeinuka upande mmoja?

Kama kimeinuka, kibonyeze juu kwa kijiti kikavu. Gusa ule mguu mmoja kwa chuma cha moto mpaka lehemu iyeyuke. Kipuri kitashuka mahali pake. Ondoa chuma, lakini usiondoe kijiti. Hesabu mpaka tano. Kisha lehemu mguu ulio mbali na huo, katika kona ya pili. Baada ya hapo kipuri hakiendi popote. Malizia miguu iliyobaki.

Ukilehemu miguu yote kabla ya kutazama, kunyoosha kipuri kilichopinda ni taabu kubwa. Unaweza hata kung'oa njia ya shaba.

NJIA YA TANO: MKONO WA TATU

Mkono wa tatu ni kifaa cha kushika bodi au waya. Mafundi wa mjini hununua cha chuma. Sisi tulitengeneza chetu.

Chukua kibanio cha nguo cha mti. Cha plastiki hakifai, kitayeyuka. Tafuta kipande cha ubao kizito. Funga mguu wa chini wa kibanio juu ya ubao kwa waya mwembamba. Mdomo wa kibanio utokeze nje kidogo ya ubao. Ubao ukiwa mwepesi, weka jiwe juu yake. Sasa kibanio kitashika waya bila kuchoka wala kuungua.

Kama una koleo, unaweza kupata mkono mwingine. Kata utepe mwembamba wa mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli. Zungushia utepe huo kwenye mishikio ya koleo. Mdomo wa koleo utafunga wenyewe. Bana ukingo wa bodi humo na ulaze koleo juu ya meza. Weka karatasi iliyokunjwa kati ya mdomo wa koleo na bodi, ili shaba isikwaruzwe.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu waya za spika na za betri. Kabla ya kuunga, paka lehemu kidogo kwenye ncha ya waya. Paka kidogo pia mahali waya utakapokaa. Vyote vikipoa, bana waya katika mkono wa tatu, ncha yake iguse mahali pale. Gusa kwa chuma cha moto. Lehemu mbili zitayeyuka na kuwa moja. Hapo huhitaji kushika uzi wa lehemu, kwa hiyo mkono mmoja uko huru.

HATUA ZA KULEHEMU

Kabla ya kulehemu, tazama tena karatasi ya maelezo. Vipuri vingine vina upande wake. Dayodi ina mstari upande mmoja. Kapasita ya mviringo huwa na mguu mrefu wa chanya. Ukiigeuza, huenda redio isiseme hata kama umelehemu vizuri. Kisha fuata hatua hizi:

1. Hakikisha betri haimo. Usilehemu kitu chenye umeme ndani yake.

2. Shikiza kipuri kwa njia mojawapo tuliyojifunza. Kiguse kwa kijiti. Kikicheza, usianze.

3. Pangusa ncha ya chuma cha kulehemia kwa kitambaa kilicholowa. Kiwe kitambaa cha pamba.

4. Gusa mguu wa kipuri na shaba ya bodi kwa pamoja. Hesabu moja, mbili.

5. Peleka uzi wa lehemu mahali hapo. Lehemu itayeyuka na kutambaa kuzunguka mguu.

6. Ondoa kwanza uzi wa lehemu. Halafu ondoa chuma.

7. Usiguse kitu. Hesabu mpaka tano. Usipulize ili ipoe upesi.

8. Ikishapoa, kata mguu uliozidi. Ushike unapoukata, maana huruka na unaweza kuingia jichoni. Kata juu ya lehemu. Usikate lehemu yenyewe.

Kiungo kizuri hufanana na kilima chenye miteremko laini pande zote. Kiungo kibaya hukaa kama tone la maji juu ya jani la mgomba, au huwa na ufa unaozunguka mguu. Lehemu yenye risasi iking'aa, ni dalili nzuri. Ile isiyo na risasi huweza kufifia hata ikiwa nzuri. Kwa hiyo tazama umbo, usitazame mng'ao tu.

JILINDE, LINDA NA WATOTO

Mtu asiye na mkono wa tatu hutafuta pengine pa kushikia. Nimeona mafundi wakiushika uzi wa lehemu kwa meno. Ndugu msomaji, usifanye hivyo hata siku moja. Risasi ni sumu. Haina ladha ya sumu, wala haiumizi siku ile ile. Huingia mwilini kidogo kidogo. Huharibu akili ya mtoto na kuzuia kukua kwake. Mama mjamzito akiipata, hufika kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa hiyo shika mambo haya:

Usile wala usinywe unapolehemu. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Usilehemu juu ya meza ya chakula wala karibu na jiko la kupikia. Okota mabaki yote ya lehemu. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni.

Moshi unaotoka wakati wa kulehemu hutokana na utomvu wa mti uliotiwa ndani ya uzi. Huwasha macho na kifua. Kaa mahali penye hewa, wala usiinamie kazi yako.

Chuma cha kulehemia kina moto wa nyuzi 300 na zaidi. Kitengenezee mahali pa kukaa. Usikiache bila mtu.

Mafundi bati wanaolehemu ndoo na mitungi hutumia tindikali kusafisha bati. Tindikali hiyo usiitumie kwenye redio. Italiwa shaba ya bodi polepole, na redio itakufa.

TULIVYOITENGENEZA REDIO YETU

Baada ya bibi kugundua kipuri kinachocheza, hatukununua kitu kingine. Tulitoa betri. Tulibana bodi kwa koleo na mpira wa tyubu. Bibi akakizuia kipuri kwa kijiti chake. Mimi nikayeyusha lehemu ya zamani na kuongeza mpya kidogo. Nikaondoa chuma. Darasa zima likahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Tulirudisha betri. Redio ikasema. Safari hii hatukupiga makofi. Yule mama aliichukua, akaitikisa, akaigonga mezani. Iliendelea kusema. Ndipo akaifunga katika kanga, akaenda nayo nyumbani. Ilifika ikiwa inasema.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi usione haya kuomba msaada, hata kama ni msaada wa kibanio cha nguo. Fundi mzuri kwanza hukituliza kipuri chake. Moto huja baadaye.

MASWALI

1. Kwa nini redio ya darasa ilinyamaza njiani?
2. Bibi alikigunduaje kipuri kilichocheza?
3. Kwa nini tunaanza na vipuri vifupi?
4. Eleza jinsi ya kutengeneza mkono wa tatu kwa kibanio cha nguo.
5. Baada ya kulehemu, kipi huondolewa kwanza: uzi wa lehemu au chuma?
6. Kwa nini ni hatari kushika lehemu kwa meno?
7. Jadilianeni darasani: ni kazi gani nyingine kijijini zinazohitaji kitu kishikwe mpaka kikauke au kipoe?

MAANA YA MANENO

Bodi: kibao chembamba chenye njia za shaba ambamo vipuri hulehemiwa.
Dayodi: kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu.
Kapasita: kipuri kinachohifadhi umeme kidogo kwa muda.
Kiungo: mahali vitu viwili vilipoungwa.
Lehemu: madini laini ya kuungia vitu vya chuma.
Tindikali: maji makali yanayokula chuma.